Nyimbo Zilizobaki Kwenye Memori

Mlango wa kibanda cha Scolastika ulikuwa umevimba kwa mvua, na kila asubuhi alilazimika kuusukuma kwa bega ndipo ufunguke. Alikuwa akisema atamwita fundi aje aurande. Alilisema hilo mvua za mwaka jana, akalisema na za mwaka juzi.

Kibanda kilikuwa Nyarugusu, kwenye njia ya kwenda maduarani, yale mashimo marefu ambamo wachimbaji wadogo huteremka kwa kamba kutafuta dhahabu. Ndani mlikuwa na kompyuta ya chogo, spika mbili zilizofungwa kwa waya, na ubao wa soketi ambako watu waliacha simu zao zichajiwe. Juu ya mlango, kwenye kipande cha bati, palikuwa pameandikwa kwa rangi ya bluu kwamba hapa tunaweka nyimbo kwenye memori, flashi na MP3. Vumbi la makarasha, zile mashine za kusagia mawe, lilikuwa limeyafunika maandishi kiasi kwamba mgeni angepita bila kuyaona. Wenyeji hawakuyahitaji. Walimjua Scolastika, au Mama Loveness kama walivyomwita, na walijua anachofanya.

Kazi yenyewe haikuwa na maajabu. Mtu alikuja na kiredio cha kuning'iniza shingoni, au MP3 ya kubana kwenye mkanda wa suruali, akachomoa kikadi cha memori kilicho kidogo kama ukucha, akasema anataka nini. Ngoma za Kisukuma, nyimbo za injili, nyimbo za vijana wa Dar es Salaam. Scolastika alikichomeka kikadi kwenye kompyuta, akakijaza, akakirudisha. Mchimbaji akaenda zake, akateremka nacho shimoni ambako hakuna mtandao wala jua, akapiga nyundo huku anasikiliza.

Zamani walipanga foleni mpaka kwa muuza chapati. Sasa kulikuwa na siku alizoshinda akiwafukuza nzi.

Mwezi wa pili, kabla mvua kubwa hazijaanza, Deusdedit alikuja kumtembelea. Deusdedit alikuwa mdogo wa mumewe, na alikuwa na duka la simu Buseresere. Alifika na pikipiki yake, viatu vimepigwa rangi, akapangusa kiti kabla hajakaa.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Umetokea huko huko?"

"Huko huko. Kaka anaendeleaje?"

"Anakohoa. Leo afadhali."

Deusdedit akatoa kiboksi kwenye mkoba, akakiweka mezani. Ndani mlikuwa na simu janja mpya, bado ina karatasi laini kwenye kioo.

"Hii ni yako," alisema.

"Ya nini? Simu ninayo."

"Hiyo ya kitochi tuiache. Shemeji, mimi nataka uone mwenyewe. Mtu siku hizi akitaka wimbo anaandika jina, unakuja. Hana haja ya kuja kwako wala ya kutembea na kidude shingoni. Hizi MP3 nilikuwa naziuza kwa katoni. Sasa zimekaa kwenye kabati, nazifuta vumbi tu."

"Na bando wanapata wapi?"

"Wananunua. Watu wanaacha kula, wananunua bando."

"Huko chini ya duara mtandao upo?"

Deusdedit alicheka. "Haupo. Lakini mtu anazishusha nyimbo akiwa juu, anaingia nazo kwenye simu."

"Simu ya thamani hiyo aingie nayo kwenye tope?"

"Leo haingii. Ila simu zinashuka bei, shemeji. Sikulazimishi. Nasema tu, funga hii biashara ukiwa bado una nguvu, ufungue uwakala wa pesa. Mtaji nitakushika mkono."

Scolastika hakubishana. Alimshukuru kwa simu, akaiweka chini ya meza ikiwa ndani ya boksi lake. Hakukasirika. Alichosikia ni uchovu, kama mtu aliyefika kwenye kilima akaambiwa kuna kingine mbele. Maneno hayo hayakuwa mageni kwake.

Aliyasikia mara ya kwanza Maganzo, akiwa bibi harusi wa juzi. Sostenes, mumewe, alikuwa akichekecha changarawe kutafuta almasi, na yeye alipanga kaseti kwenye meza kando ya barabara. Alikuwa na redio nyekundu ya betri, na betri zikichoka alizianika juani zipate nguvu. Madereva wa malori walisimama wakamchagulia hata yeye wimbo. Halafu zikaja sidii. Kaseti hazikukataliwa siku moja. Walianza kutoweka wateja wenye uwezo, wakafuata vijana, mwishoni wakabaki wazee na watu wa mbali waliokuja sokoni mara moja moja. Siku moja alijikuta ana gunia zima la kaseti ambalo hata wa kulichukua bure hakumpata.

Akaingia kwenye sidii. Sostenes alipokata tamaa ya almasi wakahamia Nyarugusu kufuata dhahabu, naye akaja na sidii zake, nazo zikafa vile vile, taratibu, kwa mpangilio ule ule wa wateja. Ndipo akajifunza kompyuta. Alijifunza kwa kutazama, kwa kuuliza, kwa kufuta vitu ambavyo hakutakiwa kuvifuta. Kila mara alikuwa anaanza upya kama mtoto wa darasa la kwanza, na kila mara umri ulikuwa umesogea.

Sasa Sostenes hakuweza tena kwenda duarani. Vumbi la miaka yote ile lilikuwa limekaa kifuani mwake. Hospitali walimwambia asikae kwenye vumbi, jambo ambalo kwa Nyarugusu ni sawa na kumwambia mtu asipumue. Alishinda nyumbani kwenye kiti, mlango umefungwa, shuka limetandikwa dirishani. Chakula cha nyumba ile kilitoka kwenye kibanda.

Kulikuwa na jambo moja kwenye kompyuta ile ambalo Scolastika hakumwambia Deusdedit, kwa sababu hakuona kama ni la biashara. Kila asubuhi, kabla mteja hajafika, aliweka wimbo mmoja wa kwaya kwa sauti ya chini. Ilikuwa kwaya ya kigango chao kule Ushirombo alikozaliwa. Miaka mingi nyuma mtu mmoja alikuja na mashine zake kutoka Kahama, akawarekodi kanisani Jumamosi nzima huku watoto wakifukuzwa nje wasipige kelele. Aliyekuwa akianzisha nyimbo ni Justina, dada yake Scolastika. Sauti yake ilikuwa nyembamba na ilipanda bila kutetemeka. Mwaka uliofuata Justina alifariki kwenye uzazi, na mtoto hakupona. Picha yake ilikuwepo moja, ya harusi ya mtu mwingine, uso umepigwa na mwanga hauonekani vizuri. Kilichobaki chake hasa kilikuwa sauti ile.

Mvua zilianza mwezi wa tatu kwa kishindo. Mchana mmoja Scolastika alikwenda nyumbani kumpa Sostenes uji, akaacha kompyuta inawaka kwa sababu alikuwa na kazi ya mteja haijakamilika. Radi ilipiga karibu sana. Sufuria zilitikisika kwenye kichanja. Sostenes aliinua kichwa akasema, "Hiyo imeshuka hapo hapo."

Aliporudi kibandani mvua ilikuwa imekatika. Kulikuwa na harufu ya plastiki iliyoungua. Simu za watu hazikupata kitu, kwa bahati, kwa kuwa asubuhi ile watu walikuwa wamezichukua. Kompyuta ilikuwa kimya. Alibonyeza kitufe, akabonyeza tena, akaketi.

Kesho yake aliipakia kwenye gari la abiria mpaka Geita mjini, amekumbatia sanduku lake kama anayempeleka mgonjwa. Fundi aliifungua, akainusa kabla hata hajaigusa.

"Imeungua mpaka ndani, mama," alisema. "Kilichokuwamo usikihesabu tena."

"Hata kidogo?"

"Ningekudanganya nikale hela yako. Hakuna."

Alirudi bila kompyuta. Njiani hakulia. Alishangaa kwamba sehemu fulani ya moyo wake ilikuwa imelegea, kama mtu aliyetuliwa mzigo na jambazi. Basi. Imekwisha bila yeye kuamua. Alikaa nyumbani, akafua nguo ambazo hazikuwa chafu sana, akakaa na Sostenes, wakasikilizana wakipumua. Deusdedit alipiga simu, akasema pole, kisha akasema, kwa upole, kwamba huenda Mungu amemwonyesha njia.

"Huenda," alisema Scolastika.

Kitu kimoja tu hakikumwacha. Alimpigia mama mmoja wa kwaya ile aliyebaki Ushirombo. Yule mama alimpa namba ya mwingine, mwingine akampa ya mwingine. Sidii ya kigango ilikuwa imechubuka, haisomi. Mwalimu wa kwaya alihamia Mpanda, na namba yake haikupatikana. Mmoja alisema alikuwa nayo, akampa mgeni, na jina la mgeni huyo hakulikumbuka tena. Wote walisema wanamkumbuka Justina. Wote walisema, "Alikuwa na sauti yule." Halafu salio likaisha.

Eunice ndiye aliyekuja kumtoa nyumbani. Eunice alikuwa mwanamke wa makamo aliyefanya kazi ya kuponda mawe karibu na makarasha, mwenye mabega mapana na kiredio ambacho hakikubanduka shingoni mwake. Alipiga hodi akiwa na vumbi jeupe mpaka kwenye kope.

"Mama Loveness, kibanda umefunga siku zote hizi, mimi nitaponda mawe na nini? Nyimbo zangu nimezichoka."

Scolastika akamweleza habari ya radi.

"Zote zimeungua?"

"Zote."

Eunice alifikiri kidogo, akakivua kiredio shingoni, akakiweka kwenye mkeka. "Basi chukua zangu. Si ni wewe uliyenitilia?"

Scolastika alikitazama kile kiredio kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli. Wazo hilo halikuwa limemjia hata mara moja. Miaka yote alizitoa nyimbo nje. Hakuwahi kufikiri kwamba huko zilikokwenda bado zipo. Zilikuwa zinatembea Nyarugusu nzima, zimening'inia kwenye shingo za watu.

Aliazima laptopu kwa Wilbard, mwenye duka la kutoa fotokopi, akaketi tena kibandani. Eunice alitangaza habari makarashani kwa sauti yake ya kupita mashine, na wachimbaji wakaanza kuja. Walikuja wametoka duarani moja kwa moja, wanadondosha tope sakafuni, wakachomoa vikadi kwa vidole visivyoweza kushika kitu kidogo namna ile. Wengine waliviangusha, wakavitafuta kwa magoti. Mmoja alileta kikadi kilichotafunwa na panya.

Ilikuwa kazi ya kuchosha kuliko alivyotegemea. Kila kikadi kilikuwa na nyimbo zile zile. Zile zilizopendwa na kila mtu zilirudi mara nyingi hata akaanza kuzichukia. Zile za nadra, za wazee wa ngoma waliorekodiwa kwa simu kwenye sherehe za mavuno, zilirudi kwa shida, nyingine zimekatika katikati, nyingine zimeandikwa majina ya ajabu. Aliketi akisikiliza mwanzo wa kila moja ili ajue ni ipi. Shingo ilimuuma. Macho yaliwasha. Hakuna aliyemlipa kwa hilo, wala hakujua kama kuna atakayekuja kuzinunua. Sostenes alimuuliza kwa nini anajitesa.

"Sijui," alimjibu. "Wameleta wenyewe. Nitawafukuza?"

Kwaya ya Ushirombo haikuwamo kwenye kikadi chochote. Ilikuwa haki yake isiwemo. Nani wa Nyarugusu angeomba nyimbo za kigango cha mbali? Hakumwambia mtu kwamba anaitafuta. Lakini alasiri moja, akiwa anasikiliza ngoma moja ya Kisukuma aliyoiokota, alimkumbuka Mzee Ngassa.

Mzee Ngassa alikuwa mfugaji wa ndani kabisa, mbele ya Bukoli, asiyekwenda kanisa lolote. Alikuja miaka kadhaa iliyopita kuuza ndama, akanunua redio na kikadi, akataka ngoma tu. Ngoma zilipokwisha nafasi ikabaki nyingi, na Scolastika akamuuliza amwekee nini. Mzee akasema, "Jaza tu, mwanangu, isibaki tupu." Naye akajaza alichokuwa nacho karibu. Alikuwa na hakika kiasi fulani kwamba aliweka kwaya. Siyo hakika kabisa.

Alikwenda mwezi wa tano. Aliomba jirani amwangalie Sostenes, akatoa ile simu ya Deusdedit kwenye boksi kwa sababu ilikuwa na tundu la kikadi, akapanda bodaboda mpaka njia ilipokataa, akashuka akatembea. Jua lilikuwa kali na ardhi bado ina maji. Alipita juu ya matuta ya majaruba, viatu mkononi, mpunga umeanza kuinama pande zote. Aliuliza kwa Ngassa kila alipokutana na mtu, na kila mtu alimwambia ni hapo mbele.

Alisikia muziki kabla hajaona mtu. Ilikuwa ngoma, sauti imepasuka, inakoroma. Katikati ya jaruba kulikuwa na mti umechomekwa, na juu yake redio imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Pembeni, kwenye dungu la fito, alikaa Mzee Ngassa mwenyewe akiwa na debe bovu na kijiti.

"Mwangaluka, baba," alimwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu." Alimwita mama kwa Kisukuma, akamtazama muda, kisha akatabasamu bila meno ya mbele. "Wewe ni wa nyimbo. Umekuja kuangalia kama imeharibika? Haijaharibika. Imepasuka sauti tu."

"Inafanya nini pale?"

"Inalinda mpunga. Ndege wakisikia watu wanaongea hawashuki. Mimi nikipiga debe peke yangu mkono unachoka. Ile haichoki."

Scolastika akakaa kwenye ngazi ya dungu. "Nimekuja kukuomba nyimbo, baba."

Mzee alicheka mpaka akashika mbavu. "Wewe uniombe mimi nyimbo?"

Akamweleza. Mzee aliposikia radi aliacha kucheka, akasema kwao iliua dume la ng'ombe zizini, mwaka huu huu. Kisha Scolastika akauliza, akijaribu sauti yake isionyeshe kitu, kama kulikuwa na kwaya mle.

"Wale wanaoimba kama wanamsindikiza mtu? Wapo. Ndege wanawaogopa wale kuliko ngoma."

"Naweza kuwasikia?"

"Ngoja wafike. Mimi kuipeleka mbele sijui. Inajiendea yenyewe."

Basi wakangoja. Ngoma moja ilikwisha ikaanza nyingine. Kundi la ndege wadogo lilishuka upande wa mbali wa jaruba, mzee akapiga debe, likainuka kama kitambaa kilichokung'utwa, likazunguka. Mkwe wa mzee alileta maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Scolastika alikunywa. Alikuwa karibu kusinzia pale aliposikia kimya kifupi, mlio wa kinanda, kisha sauti ya Justina.

Ilikuwa imepasuka. Spika ile ilikuwa imekunywa mvua, na kila Justina alipopanda, ilikoroma. Lakini alikuwa yeye. Alipanda peke yake, kisha wengine wakampokea, na Scolastika alitambua humo ndani sauti ya pili aliyoimba yeye mwenyewe, ya msichana, iko nyuma kidogo ya wenzake kama alivyolaumiwa siku ile ya kurekodi. Sauti ilisambaa juu ya mpunga. Ndege hawakushuka.

"Huyo anayeanza ni dada yangu," alisema.

"Yuko wapi sasa?"

"Alifariki. Siku nyingi. Kwenye uzazi."

Mzee Ngassa aliweka kijiti chini. Wimbo ukaisha. "Mimi namwasha kila asubuhi," alisema. "Nilijua ni mtu yupo mahali. Pole sana, mayu."

Walikwenda wote wawili mpaka kwenye ule mti, wakaishusha redio. Kikadi kilikuwa kimeota kutu pembeni. Scolastika alikifuta kwa kanga, akakipuliza, akakiingiza kwenye simu. Muziki ulipokatika, ndege walishuka kwa wingi, na mzee akaanza kukimbia kwenye tope kwa miguu ya uzee, akipiga debe na kuwatukana kwa Kisukuma. Scolastika alinakili huku anaomba radhi kwa sauti. Baadhi ya nyimbo simu ilizikataa kabisa. Nyingine ilifika nusu ikasimama. Alipata nne nzima na moja isiyo na mwisho. Alijaribu zilizobaki mara nyingine, kisha nyingine, mpaka mzee akapaza sauti, "Mayu, wananimaliza!"

Akakirudisha kikadi. Redio ikawaka, ndege wakainuka.

"Chukua hicho kikadi kabisa," mzee alisema akihema. "Ni cha nduguyo."

"Na mpunga?"

Mzee aliutazama mpunga wake, kisha akautazama ule mti. Scolastika akaifunga redio ndani ya mfuko wake kama alivyoikuta, akaaga.

Alifika nyumbani jua limeshuka, ana tope mpaka magotini. Alimwekea Sostenes wimbo mmoja. Kwenye simu ile sauti haikukoroma. Ilikuwa safi, na kwa sababu hiyo Justina alionekana kama yuko mbali zaidi kuliko alivyokuwa kule shambani. Sostenes alisikiliza amefumba macho.

"Ndiye," alisema. Kisha akakohoa, akaomba maji.

Scolastika alimpa maji. Alitegemea kulia, lakini kilichokuja kilikuwa usingizi. Alijilaza kwenye mkeka na tope lake, na jioni ile hakuna aliyepika.

Mwezi wa sita alikubali mtaji wa Deusdedit. Kibanda kikawa cha uwakala, na kava za simu zikaning'inia pale zilipokuwa spika. Wilbard alimwachia laptopu ile kwa bei ya kujuana, na nyimbo zilizokusanywa zikakaa humo, kwenye pembe ya meza. Watu wa kutuma pesa walikuwa wengi kuliko wa nyimbo. Wengine walikuja na haraka na hasira, kwa sababu pesa ni pesa. Wa nyimbo hawakuwahi kuwa na hasira. Aliliona hilo, lakini halikubadilisha hesabu.

Deusdedit alitaka kuiweka kwaya mtandaoni. Scolastika alisema lazima wenyewe waulizwe, na wanakwaya waliobaki walivutana kwenye simu wiki kadhaa kuhusu nani atajwe na nani asitajwe. Mwishowe iliwekwa. Siku za mwanzo watu wa Ushirombo waliandika pole na kumbukumbu, mama mmoja akaandika maneno marefu kuhusu Justina alivyomsaidia kuchambua mchele wa harusi yake, kisha pakawa kimya. Idadi ya waliosikiliza ilisimama pale pale.

"Unaona sasa?" Deusdedit alimwambia. "Hii haiungui na radi."

"Naona," alisema. "Asante, shemeji." Na alikuwa anamaanisha.

Baada ya mavuno Eunice alikuja na simu janja ndani ya kava nyekundu. Alitaka nyimbo zake zote zihamishwe kutoka kwenye kiredio. Scolastika alizihamisha. Eunice aliijaribu, akacheza kidogo pale mlangoni, akaondoka amesahau kiredio mezani. Scolastika alimwita.

"Kitupe tu, Mama Loveness," Eunice alijibu bila kugeuka. "Hakina kazi."

Hakukitupa. Hakujua pia akifanyie nini. Aliuondoa ule mpira wa baiskeli, akautumia kufungia waya za chaji, na kiredio akakiacha kwenye rafu.

Wiki hiyo Sostenes alikuwa amelala vibaya, na Scolastika aliamua kufunga mapema. Alikuwa ameshazima laptopu na kushika kufuli pale mchimbaji mmoja alipofika anakimbia, kofia ngumu mkononi, MP3 imebanwa kwenye mkanda.

"Mama, nyimbo zipo?"

"Zipo. Ila nimefunga, mwanangu. Njoo kesho."

"Kesho nitakuwa chini. Zamu yetu inashuka sasa hivi."

Alimtazama. Alitazama njia ya nyumbani. Kisha akaweka kufuli juu ya meza, akavuta kiti, akaketi, akangoja laptopu iwake. Ilikuwa nzito kuwaka.

"Lete memori," alisema.